Tusikifunge Tena Chumba cha Kompyuta



Wapendwa wanaparokia, nanyi nyote mnaoungana nasi kila juma katika tafakari hizi, leo tunaomba tuzungumze juu ya kompyuta na watoto wetu. Huenda wengine wataliona jambo hili kuwa dogo mno kwa mchungaji wa roho kulishughulikia. Tunalizungumza kwa sababu limetugusa, na kwa sababu katika jambo hili sisi wenyewe tuna kosa la kukiri mbele yenu.

Miaka miwili iliyopita parokia yetu ilipokea zawadi ya kompyuta nane za mezani. Zilikuwa zimetumika, lakini zilikuwa nzima. Tulizipanga katika chumba kilicho nyuma ya ofisi ya parokia, akina mama wa WAWATA wakatushonea vitambaa vya kuzikinga na vumbi, nasi tukazibariki. Kisha tukafunga mlango kwa kufuli. Katika kikao cha Halmashauri ya Walei baadhi ya wazee walisema kwamba mtandao unaharibu watoto, na kwamba ni heri chumba kibaki kimefungwa hadi wapevuke. Sisi tuliosikiliza hoja hizo tulinyamaza, na baadaye tukakubali. Tena hatukuishia hapo. Dominika moja, wakati wa homilia, tulisema kwa ukali kwamba mtoto anayeshika simu ameshika mkia wa shetani. Waamini walicheka, wazazi wakatikisa vichwa kwa kuafiki, nasi tukarudi sakristia tukidhani kwamba tumefanya kazi njema.

Haukupita muda mrefu, mama mmoja akaja ofisini. Kwa ridhaa yake na ya binti yake tunasimulia machache tu, tena tumebadilisha yale yanayoweza kuwatambulisha. Baada ya salamu alisema, "Baba Paroko, mwanangu leo siku ya tatu haendi shule, hali chakula, na usiku namsikia analia." Binti huyo alikuwa na umri wa miaka 13. Hakuwa na simu yake. Alitumia ya mama yake jioni, mama akiwa jikoni. Mtu aliyejitambulisha kuwa kijana wa sekondari alikuwa amemwandikia kwa majuma kadhaa. Alimsifu, akamrushia bando, akamwita rafiki wa pekee, na mwishowe akaomba picha. Alipokwisha kuipata aligeuka. Alimtishia kwamba asipotuma nyingine, ile ya kwanza itawafikia walimu na wanakwaya wenzake.

Tulipomuuliza binti kwa upole kwa nini hakumwambia mama yake mapema, alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akajibu kwa sauti ndogo, "Padre, ulisema kanisani kwamba anayeshika simu ameshika mkia wa shetani. Niliogopa."

Hatukuwa na jibu. Neno tulilolitoa tukidhani ni ngao lilikuwa limegeuka kufuli katika kinywa cha mtoto. Chumba chetu chenye kompyuta nane kilikuwa kimefungwa barabara, hali mtoto aliingia mtandaoni kwa mlango mwingine ambao hapakuwa na mtu mzima aliyesimama. Mama alikwenda na binti yake kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Baadaye ilibainika kwamba yule "kijana wa sekondari" alikuwa mtu mzima aliyeifahamu familia hiyo. Shauri liko mikononi mwa wahusika, nasi hatutasema zaidi. Binti alirejea shuleni.

Tangu siku ile tumejiuliza sana, na leo tunasema wazi yale tunayoyaamini: watoto wetu hawana budi kufundishwa kompyuta, na wafundishwe mapema, na mafunzo hayo yaende sambamba na mafunzo ya kujilinda. Anayemfundisha mtoto kutumia chombo bila kumfundisha kujilinda anamwacha njiani peke yake. Anayemkataza chombo kabisa naye anamwacha peke yake, maana chombo atakikuta tu: kwa jirani, kwa kaka yake, kwenye kibanda cha kuchajia simu, au shuleni. Wahenga wetu walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Siku hizi ulimwengu huo uko katika kiganja, nao haulali.

Msidhani kwamba tunalikuza jambo la mtoto mmoja. Utafiti uitwao Disrupting Harm, ulioendeshwa na mashirika ya ECPAT, INTERPOL na UNICEF, ulitoa ripoti yake juu ya Tanzania mwaka 2022. Ulionyesha kwamba asilimia 4 ya watoto wenye umri wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamepatwa na vitendo vya unyanyasaji wa kingono kwa njia ya mtandao katika kipindi cha mwaka mmoja tu. Ukilinganisha na idadi ya watoto wa nchi nzima, hao ni watoto wapatao 200,000. Wengi wa watoto wa namna hii hukaa kimya, kwa sababu wanaona aibu, wanajilaumu, au wanaogopa fimbo.

Basi, mtoto afundishwe nini? Tutaeleza kwa utaratibu, maana wazazi wengi hudhani kwamba elimu ya kompyuta ni jambo la mafundi na wasomi wa vyuo vikuu. Sivyo hata kidogo. Misingi yake ni michache, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuishika katika majuma machache.

Kwanza, mtoto akijue chombo chenyewe. Aijue skrini, kibodi na kipanya, na ajue kwamba lile sanduku ndilo lenye ubongo na ghala la kumbukumbu. Ajifunze kuiwasha na kuizima kwa utaratibu wake, wala asichomoe waya ukutani. Hapa kwetu ambako umeme hukatika bila taarifa, afundishwe pia kuhifadhi kazi yake kila baada ya dakika chache, ili jitihada ya saa nzima isipotee kwa kufumba na kufumbua. Somo hilo ni dogo, lakini ndani yake mtoto hujifunza utunzaji, subira na kufikiria yajayo.

Pili, ajifunze kuandika. Kazi ya kwanza na iwe barua kwa bibi yake, yenye tarehe, salamu, habari za shule na jina lake mwishoni. Ailipe faili hilo jina linaloeleweka na kuliweka katika folda yake, ili juma lijalo alikute mahali alipoliacha. Barua hiyo ichapishwe na ampelekee bibi mkononi. Mtoto akiona bibi yake anaisoma barua aliyoiandika kwa kompyuta, ataelewa kwamba chombo hiki kipo ili kutuunganisha na watu tunaowapenda.

Tatu, ajifunze kupanga hesabu katika jedwali. Aandike mayai yaliyotagwa kila siku nyumbani, yaliyouzwa, na fedha iliyopatikana, kisha aiagize kompyuta ijumlishe. Tunawajua wakulima na wafugaji wengi wa parokia hii ambao hawajui kama msimu uliopita walipata faida au hasara. Mtoto anayejua jedwali anaweza kuwa mweka hazina wa familia yake angali shule ya msingi.

Nne, ajifunze kutafuta maarifa na kuyapima. Hapa si lazima kuwa na intaneti. Iko programu ya bure iitwayo Kiwix, inayowezesha kamusi elezo ya Wikipedia, pamoja na ile ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2003, kuhifadhiwa ndani ya kompyuta na kusomwa bila bando hata la shilingi moja. Mtoto atafute habari za mlima Kilimanjaro au ugonjwa wa malaria, kisha alinganishe alichokipata na kitabu chake cha shule. Vikitofautiana, aulize ni kipi kina sababu za kuaminika. Tabia hii ya kuuliza "nani amesema, na amejuaje?" ndiyo itakayomwokoa kesho atakapoletewa uzushi kwenye simu. Leo hitaji hilo limekuwa kubwa zaidi, kwa kuwa akili mnemba inaweza kutunga picha, sauti na hata sura ya mtu akisema maneno ambayo hakuyasema kamwe.

Tano, kwa wale walio tayari, ajifunze kuiamuru kompyuta. Iko programu ya bure iitwayo Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani, ambamo mtoto huunganisha vipande vya maagizo kama vile anavyopanga matofali, na kutunga hadithi au mchezo wake mwenyewe. Anayetunga mchezo hutambua upesi kwamba nyuma ya kila mchezo na kila mtandao yuko mtu aliyeamua uwe hivyo ulivyo, tena mara nyingi ameamua ili wewe usiondoke. Ni vigumu kumfanya mtumwa mtoto aliyekwisha kuelewa jambo hilo.

Tukija kwenye ulinzi, tunapenda wazazi waelewe jinsi waovu wanavyofanya kazi, maana njia yao haibadiliki sana. Huanza kwa sifa: wewe ni mzuri, wewe una akili kuliko wenzako. Hufuata zawadi ndogo, kama bando au vocha. Kisha huja siri: usimwambie mama, hatatuelewa. Baada ya siri huja ombi la picha, kwanza ya kawaida, kisha nyingine. Mwisho huja vitisho. Mtoto aliyefundishwa ngazi hizi huweza kuitambua ya tatu kabla hajafika ya nne. Kwa hiyo tumfundishe kanuni moja inayobeba zote: mtu yeyote anayekuomba umfiche mzazi wako jambo, awe mgeni au ndugu, mwalimu au mtu wa Kanisa, huyo mwambie mzazi wako siku hiyohiyo. Na kanuni hii ni kwa watoto wa kiume pia. Wavulana nao hutegwa na kutishwa, nao huumia kwa kimya kirefu zaidi kwa sababu tumewaambia kwamba mwanamume halii.

Mtoto afundishwe pia kutunza nywila, yaani neno la siri. Isiwe jina lake, wala mwaka wake wa kuzaliwa, wala jina la somo wake wa ubatizo. Maneno matatu au manne yasiyohusiana, yakiunganishwa, ni rahisi kuyakumbuka na ni magumu kwa mwingine kuyabahatisha. Asiwape rafiki zake. Asimpe mtu yeyote ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu, hata kama anayepiga anajiita mfanyakazi wa kampuni. Tena jambo hili si la watoto peke yao. Ni wangapi kati yetu tuliowahi kupokea ujumbe usemao "ile pesa itume kwenye namba hii"? Na ni wangapi waliotuma? Namba za matapeli hao huripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Mtoto akifundishwa kufanya hivyo, atamfundisha na babu yake.

Sasa tuseme na wazazi. Wengi mmetuambia, "Padre, mtoto anajua simu kuliko mimi, nitamfundisha nini?" Hofu hiyo si ngeni. Mwaka 2002 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa hati juu ya Kanisa na intaneti, na tayari lilitambua kwamba mara nyingi watoto wanaifahamu intaneti kuliko wazazi wao, huku likiwasihi wazazi wajifunze na wasimamie. Mtoto anajua kubonyeza, lakini hajui bado tabia za watu. Hajawahi kudanganywa na mchumba wala kutapeliwa sokoni, na hajaona rafiki akigeuka. Ninyi mnayajua hayo. Muungane basi: yeye akuonyeshe pa kubonyeza, nawe umwonyeshe pa kuwa na shaka.

Nyumbani, simu na zilale sebuleni, si chini ya mto wa mtoto, na mtu mzima aitii sheria hiyohiyo. Baba anayemfokea mwanawe kwa kushika simu mezani huku yeye mwenyewe anatazama mpira kwenye simu hafundishi kitu, anachekesha. Zipo pia njia za kuweka mipaka katika simu yenyewe, kama programu ya Google iitwayo Family Link, ambayo humwezesha mzazi kupanga muda na kuidhinisha programu zinazowekwa. Tumieni njia hizo, lakini msizitegemee kama uzio wa mwisho. Uzio huo hauendi na mtoto nyumbani kwa jirani.

Wengine huuliza juu ya umri. Mitandao mingi mikubwa ya kijamii huweka kikomo cha miaka 13. Tujue kwamba namba hiyo ilitokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayohusu ukusanyaji wa taarifa za watoto walio chini ya umri huo. Haikutokana na uchunguzi uliosema kwamba mtoto wa miaka 13 amekomaa. Australia imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 10 Desemba 2025 sheria yake inaitaka mitandao mikubwa iwazuie walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. Sisi tunaona kwamba kuchelewesha mitandao ya kijamii ni busara, na wakati huohuo kuchelewesha elimu ya kompyuta ni hasara. Mambo haya mawili yasichanganywe. Mtoto anaweza kuandika barua, kujumlisha mayai na kusoma juu ya Kilimanjaro kwa miaka mingi kabla ya kuwa na akaunti popote.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni hili: mtoto ajue, kabla halijatokea, kwamba akikuambia hatapigwa. Mwambieni leo usiku. Mwambieni kwa maneno yaliyo wazi: "Mwanangu, hata ukikosea, hata ukituma kitu usichopaswa kutuma, njoo kwangu. Tutakasirika baadaye kama itabidi, lakini kwanza tutakusaidia." Mtishaji hana silaha nyingine ila hofu ya mtoto kwa wazazi wake. Siku mtoto anapowaambia, silaha hiyo humponyoka mkononi.

Na jambo likitokea, tulieni. Msimpe mtishaji fedha wala picha nyingine, maana akipata ya pili ataitaka ya tatu. Msifute mazungumzo kwa aibu. Andikeni namba, majina na tarehe, kisha mzuieni asiweze kuandika tena. Msimtumie mtu yeyote picha hiyo, hata kwa nia ya kuonya, kwa kuwa kusambaza picha ya ngono ya mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Pelekeni simu kama ilivyo katika Dawati la Jinsia na Watoto. Pigeni namba 116, ambayo ni simu ya huduma kwa mtoto, nayo hailipiwi. Ipo pia huduma ya bure iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa nchini Marekani mwaka 2023. Hutengeneza alama ya tarakimu ya picha, ili mitandao inayoshirikiana nayo iitambue na kuiondoa, bila picha yenyewe kutoka katika simu yenu.

Wapendwa, hatuwezi kuwaambia wazazi haya yote kisha sisi wahudumu wa Kanisa tukajiweka kando. Kanisa limeumizwa, na limeumiza, na watu wake waliowakosea watoto. Oktoba 2017 wataalamu, viongozi na wachungaji walikutana Roma katika Chuo Kikuu cha Gregoriana kutafakari hadhi ya mtoto katika ulimwengu wa kidijitali, na Papa Fransisko aliwapokea mwishoni mwa mkutano huo na kuunga mkono kazi yao. Maazimio ya Roma hayatamlinda mtoto wa kigango chetu kama hatutayatekeleza hapa. Kwa hiyo tumeweka kanuni kwa chumba chetu. Mlango utakuwa wazi wakati wote wa somo. Daima watakuwepo watu wazima wawili, mmoja wao akiwa mwanamke. Skrini zote zitaelekea mlangoni. Hakuna padre, katekista, mlezi wa Utoto Mtakatifu wala mwalimu wa kwaya atakayemwandikia mtoto ujumbe wa faragha. Taarifa zote zitapitia kwa wazazi. Mkituona sisi wenyewe tumeivunja kanuni hii, tuonyeni.

Tuna kosa jingine la kukiri. Mwaka jana tulitundika mtandaoni picha za watoto wa Komunyo ya Kwanza, sura zikionekana wazi na majina kamili yakiwa chini yake. Tulifanya hivyo kwa furaha. Hatukufikiri kwamba siku hizi sura ya mtoto inaweza kuchukuliwa na kuchanganywa na picha chafu kwa msaada wa akili mnemba, wala kwamba jina, sura na mahali ni funguo tatu za mtu mwenye nia mbaya. Tumeziondoa picha hizo. Kuanzia sasa hatutaweka picha ya mtoto bila idhini ya maandishi ya mzazi, na majina hayataandikwa.

Iko hoja moja ambayo hatutaki kuipuuza. Baba mmoja wa UWAKA alituambia, "Padre, watu hawana maji ya bomba, na wewe unazungumzia kompyuta." Amesema kweli kuhusu maji. Lakini tunaona kwamba mtoto wa tajiri atafundishwa kompyuta hata tukinyamaza; ni mtoto wa mwenye bomba lililokauka ambaye hatafundishwa. Naye ndiye atakayekwenda kuomba kazi akiwa hajawahi kugusa kipanya, na ndiye atakayetegwa kwanza kwa bando la shilingi mia tano. Maskini hulipa zaidi kwa kutojua. Tuendelee kudai maji, na tufungue chumba.

Wapo watakaosema kwamba utakatifu na kompyuta havikai pamoja. Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza kuwa Mtakatifu kijana Carlo Acutis, aliyezaliwa London mwaka 1991, akakulia Milano na kufariki dunia mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 15. Kijana huyu alijifunza mwenyewe kutengeneza tovuti, akaitumia elimu hiyo kukusanya na kueneza habari za miujiza ya Ekaristi. Inasimuliwa pia kwamba alijiwekea kikomo cha saa moja kwa juma kwa michezo ya kwenye televisheni. Hakuiogopa kompyuta, wala hakuiabudu. Ndiyo njia tunayowaombea watoto wetu.

Kwa hiyo tunatangaza kwamba kufuli imeondolewa. Somo litakuwa kila Jumamosi saa tatu asubuhi hadi saa tano, kwa watoto wa darasa la nne hadi la saba, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, kwa majuma sita. Katika kundi la kwanza hakutakuwa na intaneti kabisa. Vijana wawili wa VIWAWA waliosomea TEHAMA wamejitolea kufundisha. Kwa kuwa kompyuta zetu zilikuja na mfumo wa Windows 10, ambao kampuni yake iliacha kuupatia masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, vijana hao wameweka mfumo wa Linux usiolipiwa. Juma la sita ni la wazazi pamoja na watoto. Mtoto ambaye mzazi au mlezi wake hatafika juma hilo tutamfundisha hata hivyo, lakini tutakwenda nyumbani kwao kuuliza kulikoni. Tunahitaji pia mzee au mama mmoja wa kukaa mlangoni kila Jumamosi. Haimlazimu kujua kompyuta. Inamlazimu kuwajua watoto.

Binti tuliyemtaja hajajiandikisha. Hatutamwita wala hatutamtumia kama mfano. Tulimwomba msamaha mbele ya mama yake kwa neno tulilolisema kanisani, na Dominika ijayo tutalifuta neno hilo mahali palepale tulipolisemea. Akitaka kuja, mlango uko wazi. Asipotaka, atatukuta tukiwa tayari siku yoyote.

Tuwaombee watoto wetu, na tuwasikilize. Bwana awe nanyi nyote, awalinde nyumbani, njiani na mtandaoni.

Ni sisi, Paroko wenu.